Mkono wa Kushoto

Uchungu ulinianza mikono yangu ikiwa ndani ya mdomo wa mama yangu mzazi.

Mimi ni daktari wa meno. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa imeshaanza, na asubuhi ile nilitakiwa niwe nyumbani, miguu juu ya mto, nikikunja upya nguo za mtoto zilizokwisha kunjwa. Lakini gego la chini la mama lilikuwa limemeguka tena, na mama hatibiwi na daktari mwingine. Nilimwambia yupo mwenzangu pale kazini, hodari, mkono mwepesi. Akajibu kwamba hakunisomesha ili yeye akachokonolewe na watoto wa watu. Basi nikavaa koti langu jeupe, ambalo kwa ajili ya tumbo lilikuwa halifungiki hata kifungo kimoja, nikaenda.

Kila anayekaa kwenye kiti changu namwambia maneno yaleyale. Nikishaanza kazi hutaweza kuongea, maana mdomo utakuwa umejaa vyuma na pamba, kwa hiyo ukisikia maumivu nyanyua mkono wa kushoto, nami nitasimama papo hapo. Wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia nimekaa mimi, na sitaki kupigwa kiwiko mashine ikiwa jinoni. Nimewaona wanaume wenye vifua vya kubebea magunia wakinyanyua mkono kabla hata sijawasha taa. Mama hajawahi kuunyanyua. Na ganzi haitaki. Miaka yote namchonga hivihivi, naye anatazama dari kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani benki.

Kwetu hilo ni jambo la kutamba nalo. Mama alizaa watano, wanaume wanne na mimi kitinda mimba, na inasimuliwa kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akisema hata "aa". Kwangu mimi ndiyo kabisa: wanasema alikuwa anaimba kwa mdomo uliofumbwa mpaka nikatoka. Kaka zangu wanamwita Jenerali. Kila wifi yangu aliyejifungua amepimwa kwa kipimo cha Jenerali, na wote wamefeli.

Kwa hiyo nilipopata mimba nilishajua nitajifungua vipi. Kliniki, mkunga alinieleza yote bila kuvutia upande wowote. Ipo gesi ya kuvuta, inapunguza makali na kuleta kizunguzungu. Ipo sindano ya paja, inasinzisha, ila ikichomwa mtoto akiwa karibu kutoka, naye anaweza kuzaliwa na usingizi. Na ipo ganzi ya mgongoni, ndiyo inayotuliza maumivu hasa, lakini miguu inakuwa mizito, presha inaweza kushuka, kusukuma kunaweza kuchukua muda zaidi, na wachache huumwa kichwa baadaye. Wapo pia wanaotembeatembea, wanakandwa kiuno, wanaoga maji ya moto, na wanamaliza salama. Nikamjibu kwamba mimi sihitaji kitu. Mimi huyuhuyu, ambaye kutwa kazi yangu ni kuwachoma watu ganzi na kuwaambia kuvumilia maumivu hakuna cheti.

Mume wangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Yeye ni fundi wa meno ya bandia. Karakana yake iko nyuma ya chumba changu cha kazi, tumetenganishwa na dirisha la kioo, na kila mtu anamwita Fundi, hata mimi. Alipomaliza kucheka tukakubaliana: nijikaze nitakavyo, lakini nikinyanyua mkono wa kushoto, atakwenda kumwita daktari wa ganzi bila kuniuliza mara mbili. Alisema mdomo wangu una kiburi, hauamini, ila mkono anauamini.

Nikakubali, nikijua mkono wangu hautanyanyuka. Nilitaka mama anitazame siku hiyo aseme, huyu ni wangu. Nilikuwa nalitaka hilo kuliko nilivyowahi kutaka cheo chochote.

Sasa asubuhi ile nimeshachonga sehemu iliyooza, jino liko wazi, mara kiuno kikabanwa. Si ghafla. Kilibanwa polepole kutoka nyuma, kama kuna mtu anakaza mkanda tundu moja moja. Nikazima mashine, nikashika ukingo wa kiti. Kikaachia. Nikawasha mashine. Kikabana tena, safari hii kikaja mpaka mbele. Mama, mdomo wazi, pamba mashavuni, akanigeuzia macho, akapandisha nyusi. Kisha akachomoa pamba kwa mkono wake mwenyewe.

"Funga hilo jino," akasema, "twende."

Nililifunga kwa dawa ya muda, nikiharakisha kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha. Miezi yote ile, na sasa leo. Nikagonga kioo cha karakana. Fundi alikuwa amejaa unga mweupe wa plasta anayofinyangia mpaka kwenye kope, ameshika meno ya bandia ya mzee mmoja wa jirani. Aliponiona nimeshika kiuno akatumbukiza yale meno mfukoni, akavaa kiatu kimoja, akatafuta cha pili huku kiko mkononi mwake. Tukatoka namna hiyo, mimi nacheka, mama ameshika shavu, Fundi mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye gunia la sembe.

Upande wangu wa chumba cha kujifungulia ulikuwa na kitanda kimoja kirefu, kiti kushoto, mashine ya mapigo ya moyo kulia, na pazia la kijani lililonitenga na kitanda cha jirani. Mkunga akanipima, akasema njia imeanza kufunguka vizuri. Akanifunga mkanda tumboni, mara chumba kizima kikajaa mwendo wa moyo wa mwanangu, mbio mbio, kama anayekimbilia kitu. Fundi akaanza kulia. Mama akamwambia aoshe uso, plasta isije ikamganda.

Mgonjwa akija kwangu namuuliza: linapwita, linachoma, linakereketa, au linakata? Nikajiuliza mwenyewe, na hakuna neno lililotosha. Uchungu ulianzia chini ya mgongo, ukazunguka pande zote mbili, ukakutana chini ya kitovu, ukakaza. Nilipodhani umefika mwisho, ukaendelea kukaza. Halafu ukaachia. Ukaachia kabisa, kana kwamba haukuwapo. Hapo ndipo niliposhangaa, maana jino halina tabia hiyo. Jino likikushika linakushika, ukilala liko macho, ukiamka linakusubiri. Huu ulikuwa unakuja, unafanya kazi yake, unaondoka na kuniacha nataka chai. Nilimweleza mama ugunduzi wangu kwa msisimko mkubwa. Akaniambia ninyamaze, nitunze pumzi.

Nilipambana. Nilitembea, nikaegemea ukuta, Fundi akanikanda kiuno kwa vile vidole vyake vinavyojua kusaga na kung'arisha. Nilivuta pumzi kwa pua, nikaitoa kwa mdomo. Kila uchungu ulipopita bila mimi kusema "aa", nilimwangalia mama, naye akatikisa kichwa kidogo tu kukubali, nami nikajiona nimevishwa nishani.

Niliporudi kitandani, muuguzi akaja kupima presha. Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaunyanyua juu ili aupitishe kwenye ule mfuko wa kupimia. Mlangoni alikuwa amesimama Fundi na kikombe cha chai. Aliona kitu kimoja tu: mkono wa kushoto uko juu. Kikombe kikaachwa hewani, chai ikaenda zake, na yeye akatimua mbio koridoni huku akiita daktari wa ganzi kama nyumba inaungua.

Daktari alifika akihema. Mtu wa makamo, mpole, kofia ya upasuaji imemkaa upande. Nikamweleza kwa aibu kwamba nilikuwa napimwa presha. Fundi akataka kujificha nyuma ya pazia. Tulicheka wote, hata mama, ingawa yeye alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Daktari akasema hakuna ubaya, ila sasa anaingia kwenye upasuaji, na nikimhitaji baadaye nisichelewe sana, kwa sababu mtoto akishafika mlangoni ganzi haitakuwa na maana. Nikampungia mkono wa kulia aende. Mama akaniambia nimefanya vyema. Akavuta kiti, akakaa kushoto kwangu, akashika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili.

Halafu chupa ikapasuka, na mchezo ukabadilika.

Maji ya moto yalitoka mengi, mkunga akafurahi, na uchungu uliofuata ulikuja bila kubisha hodi. Yale mapumziko niliyokuwa nayasifia yakawa mafupi, kisha yakawa ya kumeza mate tu. Miguu ilianza kutetemeka bila ruhusa yangu. Nilisikia joto, nikasikia baridi, nikatapika chai ambayo hata sikumbuki kuinywa. Maumivu hayakuwa tena kiunoni wala tumboni, yalikuwa yameninunua mzima na kunihamishia kwao. Nikasikia mtu ananguruma kama ng'ombe anayevutwa kupanda gari. Nikageuka kumtafuta, kumbe ni mimi.

Mkunga akapima, akasema nimefika nusu na zaidi kidogo, mtoto yuko salama, nafanya vizuri. Nusu. Neno hilo lilinimaliza. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nataka msaada wowote, kwa sababu daktari amemaliza upasuaji na muda bado upo, ila si mrefu. Fundi alikuwa ukutani, macho yamemtoka, haondoi jicho kwenye mkono wangu.

Nami mkono nilikuwa nautaka juu. Nauambia kabisa, nyanyuka. Ila ulikuwa ndani ya mikono ya mama, umefumbatwa, umebanwa, na kuuchomoa pale ilikuwa sawa na kumwambia mbele ya watu, mimi si wewe. Uchungu mmoja ukapita. Wa pili ukapita. Machozi yakaanza kunitoka, na hayakuwa ya uchungu peke yake.

Ulipoachia nikasema, "Mama, niachie mkono."

Alijua maana yake. Ameyasikia maneno yangu ya kwenye kiti kuliko mgonjwa mwingine yeyote. Lakini hakuuachia. Mkono wake mmoja ukapanda shavuni, pale kwenye lile jino lenye dawa ya muda.

"Unakumbuka nilikwambia hili jino lilivunjwa na jiwe kwenye maharage?" akaniuliza.

Nilikumbuka. Nimeliziba mara nyingi, na kila mara lilinishangaza, kwa sababu ufa wake ulishuka wima mpaka karibu na fizi, na jiwe la maharage haliachi ufa wa namna ile.

"Nililipasua siku ya kukuzaa wewe. Nilikunja shuka nikaling'ata mpaka nikasikia jino limelia. Hao wanaosema nilikuwa naimba walikuwa nje ya mlango."

Nikamuuliza kwa nini hakulia.

"Ungelia wapi? Mwenye kelele alikuwa anatolewa kwenda kuzalia koridoni, wakwe wanamwona. Nikanyamaza kwa woga, wakaniita shujaa, na mimi nikalipokea." Akafuta uso wangu kwa upindo wa khanga yake. "Mimi hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Wewe umeulizwa. Jibu unavyotaka."

Akafungua vidole.

Niliunyanyua mkono wangu wa kushoto mpaka bega likauma. Ulikuwa juu kabisa, vidole vyote vitano vimetawanyika, hakuna asiyeuona. Nikamgeukia Fundi. Fundi amesimama palepale. Ameshaungua mara moja, safari hii anatumia akili.

"Ni presha tena?" akauliza.

Ningemrushia mto kama ningekuwa na nguvu. Mama ndiye aliyegeuka, taratibu, na sauti ya Jenerali mwenyewe.

"Mkwe," akasema, "kimbia."

Alikimbia. Pale mlangoni meno ya yule mzee yakamchomoka mfukoni, yakaruka mara mbili, yakabaki katikati ya sakafu yanatuchekea. Mkunga akayaruka, akaendelea na kazi yake. Mimi nikashikwa na uchungu mwingine na kicheko kwa pamoja, na sitamani mtu yeyote avipate vyote viwili kwa wakati mmoja.

Daktari alirudi bila kinyongo. Hakutazama mkono wangu wala uso wa mtu mwingine. Aliniuliza mimi kama nataka, akanikumbusha faida na hasara zake zote, akangoja uchungu upite ndipo anisikilize. Nikasema ndiyo. Mkono umesema na mdomo umesema.

Akaniambia nikae ukingoni mwa kitanda, nikunje mgongo, nisicheze hata uchungu ukija. Na ulikuja. Mama alisimama mbele yangu, nikaweka paji la uso kifuani kwake, tukabaki hivyo, tunavuta pumzi pamoja. Nyuma yangu nikamsikia daktari akiniambia nitasikia kama mbu tu. Maneno yangu hayo. Nimeyasema kwa watu chungu nzima, nikijiona mkweli. Si mbu. Ni nyuki, tena aliyeamka vibaya. Lakini alikuwa nyuki mmoja, akapita, na baada yake nilisikia kubonyezwa tu.

Kwanza miguu ilipata joto. Kisha uchungu uliofuata ukaja na nusu ya nguvu zake, na uliofuata huo niliuona ukipanda kwenye karatasi ya mashine kabla sijausikia mwilini. Nilichobaki nacho kilikuwa ni kubanwa, kama kukumbatiwa na ndugu mwenye nguvu asiyejua kipimo. Kipande cha paja la kulia kiligoma kufa ganzi, kikabaki kinanung'unika peke yake, nikakisamehe. Nikamwona Fundi vizuri, nikagundua ana plasta masikioni. Nikamwona mama. Nikaongea, wacha niongee. Niliongea kuhusu jina la mtoto, kuhusu rangi ya pazia, kuhusu yale meno yaliyokuwa sasa juu ya meza ya dawa, hadi nikapitiwa na usingizi mdomo wazi. Upande wa pili wa pazia kulikuwa na mama mwingine aliyekataa kila kitu, anatembea na kuita majina ya watu wa kwao kwa zamu, na alipopata mtoto wake alicheka kwa sauti. Naye aliulizwa, akajibu lake.

Jua lilikuwa bado linapiga dirishani mkunga aliponiamsha, akasema mtoto yuko tayari. Nilisikia uzito chini, mzito kweli, ila nilikuwa mwenyewe, akili yangu yote iko kichwani. Aliponiambia sukuma nilisukuma. Ilichukua muda kama walivyonionya, nikasukuma na kupumzika, nikasukuma na kupumzika, Fundi anasukuma na yeye pale alipo, mishipa imemsimama. Nilimsikia mwanangu akipita. Kichwa, kisimamo kidogo, bega, halafu kila kitu kikateleza kwa pamoja, na kilio chembamba, chenye hasira, kikajaza chumba.

Msichana. Wakamweka kifuani kwangu akiwa na uteute wake, mdomo wazi, fizi tupu za waridi ambazo kwa mtu wa kazi yangu hakuna kitu kizuri kuzidi hizo.

Na hapo ndipo mama alipopiga kelele. Hakuna aliyetarajia. Alisimama, akarusha mikono, akapiga ukelele mrefu wa furaha mpaka muuguzi wa wodi ya jirani akaja kuchungulia. Pumzi ikamwishia, akavuta nyingine, akapiga tena. Mtoto akanyamaza kumsikiliza bibi yake.

Nilirudi kazini mwanangu alipokuwa ameanza kukaza shingo. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama, na lile jino letu tuliloliacha njiani. Fundi alikuwa karakanani na mtoto begani, anamwonyesha meno ya bandia moja moja, akimtambulisha kwa kila seti. Nikamlaza mama kwenye kiti, nikavuta taa. Nikaanza maneno yangu ya siku zote, kwamba ukisikia maumivu nyanyua mkono.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshakwenda juu.

"Sijaanza, mama," nikamwambia.

"Naona hujaanza," akasema. "Nichome hiyo ganzi."

Fundi aliuona mkono kupitia kioo, akatokea mlangoni mbio na mtoto mkononi, akauliza kuna nini. Nikamwambia arudi, hakuna kitu. Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nilimwambia mama kwamba si mbu, ni nyuki, lakini ni mmoja. Akafumba macho, akaniachia mdomo.

Tulingoja shavu life ganzi. Nikagonga jino kwa chuma, nikauliza kama anasikia. Akatikisa kichwa kukataa. Nikawasha mashine, nikaingia kwenye ule ufa niliouziba miaka yote bila kuujua, na sikuwa nimefika mbali nilipoona chozi linateremka kuelekea sikioni. Nikazima mashine, nikamuuliza panauma wapi.

"Hapaumi," akasema, ulimi umemwia mzito kwa ganzi. "Sisikii kitu."

Nikamfuta, nikaendelea na kazi.